Mtoto wa Mgongoni

Mtu wa kwanza kuja maktaba kumwulizia Tulizo alikuwa Fidelis Kihwele, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume wa miaka hamsini na kitu ambaye hakuwahi kupata mtoto.

Alikuja asubuhi, ukungu wa bwawani ukiwa bado umekaa barabarani, akasimama mbele ya meza ya Leokadia Mgaya huku ameshika kofia mkononi. Leokadia ndiye aliyesimamia programu za watu wazima katika maktaba ya umma ya Ilangamo. Kulikuwa na siku ya ususi, siku ya wanaojifunza kusoma ukubwani, na Alhamisi alasiri kulikuwa na Baraza la Simulizi, ambalo watu walilipenda kuliko yote.

"Shikamoo, fundi. Mbona mapema?"

"Marahaba. Nina swali dogo tu." Alitazama nyuma kuhakikisha hakuna anayesikiliza. "Yule mtoto anakula nini asubuhi?"

"Mtoto yupi?"

"Tulizo."

Leokadia aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Sijapata kichaa, dada," Fidelis alisema. "Najua hayupo. Lakini nikiinama kuchomelea, namsikia anasogea mgongoni. Anahama bega hili kwenda hili. Kwa hiyo nanyanyuka taratibu nisimwamshe. Sasa nimempikia uji wa ulezi, naona hautaki. Nikasema, pale maktaba watakuwa wanajua."

Leokadia alimtazama mgongoni. Palikuwa na koti la kazi lililotobolewa na cheche, basi.

"Fundi, Baraza lile lilikuwa kabla ya Pasaka. Kumbukumbu ile ilitakiwa iwe imekwisha kutoka."

"Kwa wengine imetoka. Nimewauliza." Alitabasamu kwa aibu. "Mimi sikuja kulalamika. Nimeulizia chakula."

*

Alhamisi ile, kabla ya Pasaka, haikuwa na dalili yoyote ya balaa.

Baraza liliendeshwa kwa mtambo wa kupokezana, sanduku jeusi lisilozidi ukubwa wa redio, ambalo miaka hiyo maktaba nyingi za nyanda za juu zilikuwa nalo. Msimuliaji na wasikilizaji walibandika vibandiko vidogo nyuma ya sikio. Msimuliaji alipokumbuka jambo, mtambo uliinyanyua kumbukumbu ile na kuilaza juu ya akili za wasikilizaji, kama kanga inavyotandikwa juu ya kanga. Hawakusikia habari za mvua tu, walilowa. Kumbukumbu ilikaa kiasi cha wiki mbili, ikapauka, ikatoka yenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya mtambo, na Ilangamo ahadi hiyo ilikuwa haijawahi kuvunjwa. Mtu mmoja tu ndani ya chumba hakubandika kitu: mwendesha mtambo, ambaye kichwa chake kilipaswa kubaki safi ili aweze kuuzima mambo yakienda mrama. Kazi hiyo ilikuwa ya Leokadia.

Aliyesimulia siku hiyo alikuwa Sekunda Ng'umbi, mama mnene wa sauti nzito, mstaafu wa shamba la chai. Alizaliwa Bonde la Kihanje, na alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki wa kizazi kilichohamishwa kabla maji ya bwawa hayajalifunika bonde lile. Leokadia alikuwa amembembeleza kwa muda mrefu aje auimbe wimbo wa kupepeta ulezi, maana mjini hapakuwa na mwingine aliyeujua mwanzo hadi mwisho. Sekunda alikuwa akikataa, bila kusema kwa nini. Mwisho alikubali.

Alikaa, akafumba macho, akaanza.

*Pepeta, pepeta, makapi yaende,*
*chenye uzito kibaki kwangu.*

Leokadia alisikia wimbo tu. Lakini aliwaona wasikilizaji wakiinama mbele kidogo, wote kwa pamoja, wanaume na wanawake, mikono yao ikienda nyuma ya viuno na kufumbatana. Wengine walianza kuyumba kushoto na kulia, polepole, kama mtu anavyoyumba akibembeleza. Mwanzoni alidhani ndivyo ulezi unavyopepetwa. Wimbo ulipokwisha na vibandiko kubanduliwa, mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa analia kimyakimya, na Imelda Sanga, mshonaji wa karibu na soko, alikuwa amejishika tumbo lake la mimba kwa mikono miwili.

"Kulikuwa na mtoto," Imelda alisema. "Kwa nini hamkutuambia kwamba kuna mtoto?"

Sekunda aliwatazama mmoja mmoja.

"Anaitwa Tulizo," alijibu. "Ni binti yangu, marehemu. Sikukusudia kumleta. Nilipokuwa naimba siku ile alikuwa mgongoni, ndiyo maana amekuja." Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, akaonekana ameduwaa, kama mtu aliyetua mzigo njiani na hakumbuki ameutua wapi.

*

Imelda alikuja siku mbili baada ya Fidelis. Hakutaka kukaa.

"Nitoeni huyu mtoto, dada Leo. Nimevumilia nikidhani atatoka. Nikilala chali namkandamiza. Nikilala ubavu naye anateleza. Huyu wa tumboni akicheza, sijui ni yupi aliyecheza. Juzi mume wangu ameniuliza mtoto wetu tumwite nani, nami bila kufikiri nikataja jina la yule. Jina la marehemu, mimi nikiwa mwezi wa nane."

"Umewahi kumsemesha? Kumwimbia?"

"Kamwe." Imelda alishusha sauti. "Sitaki anijue. Nikimsikia anaamka najikaza, sipumui, mpaka alale tena."

Leokadia alifunga ofisi, akampigia simu Ombeni Luvanda, fundi wa mitambo ya kupokezana wa mkoa mzima. Ombeni alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyezoea kuzungumza na mashine kuliko watu. Aliwapima Imelda, Fidelis na Sekunda, kila mmoja peke yake, katika chumba kidogo cha nyuma cha magazeti ya zamani. Alipomaliza alimwita Leokadia, akafunga mlango.

"Kwa wengine wote imetoka," alisema. "Kwa hawa wawili imeota mizizi. Fundi Fidelis ameipenda, dada Imelda ameiogopa. Kumbukumbu haibagui. Ukiigusa kila siku inaota, iwe unaigusa kwa mapenzi au kwa hofu."

"Basi wafutie. Au angalau huyu mama mjamzito."

"Mtambo haufuti. Zamani walijaribu kufuta, watu wakabaki na matundu, na matundu yakawa yanajipanua. Siku hizi tunahamisha. Ikitoka kichwa kimoja lazima iingie kingine. Kanuni inasema irudi kwa mwenyewe."

"Mama Sekunda. Lakini si anayo tayari?"

Ombeni alizungusha kalamu vidoleni.

"Hana," alisema. "Nimetafuta mara mbili. Anajua kwamba alizaa binti, kama unavyojua wewe jina la babu yako wa tatu. Lakini ule uzito, ile harufu, zile pumzi shingoni, havipo. Nadhani huyu mama hakuwahi kumsimulia mtu yeyote habari za mtoto huyo. Kumbukumbu inayosimuliwa hushika mizizi kwenye maneno. Ambayo haijawahi kusemwa haina pa kujishikilia. Mtambo ukiivuta, hung'oka."

Nje, mtu alikuwa akirudisha vitabu kwenye rafu, kimoja kimoja.

"Ni mimi niliyembembeleza aje," Leokadia alisema.

"Kuna jambo jingine," Ombeni aliendelea. "Hawa wawili hawana mtoto yule yule tena. Wa fundi amekua. Anaongea, anauliza maswali, anapenda miwa. Wa dada Imelda hajabadilika hata kidogo, maana Imelda hakumpa chochote. Ni yule yule wa siku ya kupepeta ulezi. Ila amefunikwa na hofu, na hofu hiyo itaondoka pamoja naye, na kila alichokumbuka Imelda kumhusu. Sitaweza kuwatenganisha. Wala huwezi kumrudishia mama wote wawili. Watagombana humo ndani, na atakayeumia ni yeye."

"Na yule atakayebaki?"

"Mwenye kichwa safi na kibali cha mtambo anaweza kumpokea." Ombeni hakumtazama. "Hapa Ilangamo ni wewe."

*

Nyumba ya Sekunda ilikuwa katika mitaa ya wahamiaji, ambako nyumba zote zilijengwa kwa mchoro mmoja, na watu wa bonde walizitofautisha kwa maua. Ya kwake ilikuwa na mayungiyungi mekundu. Alimkaribisha Leokadia jikoni, karibu na moto, akamsikiliza bila kumkatiza. Leokadia alimweleza kila kitu. Njiani alikuwa amefikiria kuificha ile habari ya hofu, ili uamuzi uwe mwepesi. Alipomwona mama yule amekaa, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, alishindwa kuficha.

"Kwa hiyo niliona sawa," Sekunda alisema. "Mgongo wangu umekuwa mwepesi tangu siku ile. Miaka yote nilikuwa nikiamka yupo. Nikichuma chai yupo. Watu walidhani nainama kwa ajili ya kikapu." Alichochea moto. "Alikufa kwa homa kabla hajatimiza miaka mitatu. Tulimzika nyuma ya nyumba. Walipokuja kuhamisha makaburi walichukua yenye saruji. La kwake lilikuwa na mawe tu, wakasema hawawezi kuthibitisha. Kisha maji yakaja."

"Pole sana, mama."

"Sikumsimulia mtu kwa sababu nilidhani nikimtoa mdomoni atakwisha. Ona sasa. Nilikuwa nakuja Baraza kila Alhamisi, unakumbuka? Ulidhani nimependa. Nilikuwa nakuja kukaa karibu na wale walio naye. Nilikuwa nakaa nyuma ya fundi."

Leokadia alimsogelea. "Kanuni inataka tuwanyang'anye wote wawili, mama. Lakini wewe ndiye mwenye mtoto. Ukimtaka wa fundi, wa Imelda nitamchukua mimi. Ukimtaka wa Imelda, sijui la kufanya na fundi. Amekataa. Amesema tukimlazimisha atahama mji."

"Nipeleke kwa fundi kwanza," Sekunda alisema. "Nimwone."

*

Walimkuta Fidelis kwenye karakana yake. Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, na alipoona ni nani aliyekuja akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mgongo wake ulipokaribia ukuta. Hapo akasimama, asije akaugusa.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa mnataka kumchukua."

"Marahaba. Sijaja kuchukua. Nimekuja kuuliza. Yukoje?"

Fidelis alimtazama Leokadia, kisha akamtazama mama. Uso wake ulilegea taratibu.

"Ni mwerevu," alisema. "Anahesabu nondo. Nikikosea ananiambia, baba, umeruka moja. Anapenda miwa lakini hapendi nyuzi zake. Akiona cheche anasema nyota zimeanguka. Nimemtengenezea kitanda, ingawa hatoki mgongoni. Nikasema labda siku moja atachoka kubebwa."

Kitanda kilikuwa pembeni, cha vyuma vyembamba, kimepakwa rangi ya maziwa. Sekunda alikwenda kukigusa. Alipitisha kidole juu ya kila ungio, na hakukuta pa kumchoma mtoto.

"Anasema maneno yote hayo?"

"Usiku na mchana, mama."

"Wangu alikuwa hajajua kuunganisha maneno," Sekunda alisema. "Alikuwa na maneno machache. Maji. Mama. Kuku. Na neno moja ambalo sikuwahi kulielewa, na sasa silikumbuki." Alikiacha kile kitanda, akamgeukia. "Fundi, huyo si wangu. Alianzia kwangu, lakini huyo ni wako. Mwambie miwa aimung'unye, asimeze."

Fidelis akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya chuma, kwa uangalifu, mkono mmoja nyuma.

Walipotoka, Leokadia alimwambia Sekunda kile alichokuwa akikifikiria tangu asubuhi.

"Mama, yule wa Imelda si lazima umpokee. Nipe mimi. Sina mimba, sina hofu naye. Nitakuwa nakuja kukusimulia jinsi alivyo. Utampata bila ile hofu."

"Utanisimulia," Sekunda alisema. "Kama redio."

"Nataka tu usiumie."

"Mwanangu, ulitaka wimbo nikakupa. Mtoto sikupi." Hakusema kwa hasira. Alimshika Leokadia kiwiko, wakavuka barabara pamoja.

*

Uhamisho ulifanyika mchana, katika ukumbi wa Baraza, mapazia yakiwa wazi. Ombeni aliweka viti viwili vikitazamana. Imelda alikaa kimoja, miguu yake imevimba ndani ya ndala, na Sekunda akakaa kingine. Leokadia alishika swichi.

Kabla kibandiko hakijawekwa, Imelda alimshika mama yule mkono.

"Mama, nisamehe. Sikumtendea vizuri."

"Ulimpa nini?"

"Sikumpa chochote."

"Ndiyo maana ananirudia mzima," Sekunda alisema. "Usilie, utamshtua wa tumboni."

Leokadia aliwasha mtambo. Hapakuwa na sauti wala mwanga. Imelda alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ya namna ile tangu Pasaka, mabega yake yakashuka. Mbele yake Sekunda aliinama kidogo. Mikono yake ilikwenda nyuma, ikatafuta, ikafumbatana. Alifumba macho. Kwa muda uso wake ulikuwa uso wa mwanamke kijana.

Kisha ukabadilika. Alianza kupumua juujuu, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. Ombeni alinyanyua mkono, Leokadia akashika swichi, lakini Sekunda alitikisa kichwa bila kufumbua macho. Alikaa hivyo mpaka pumzi ikatulia.

"Ni yeye," alisema hatimaye. "Ni yeye kabisa. Hata lile neno lipo." Machozi yalimtoka, akayaacha, maana mikono ilikuwa na kazi. "Lakini alikuwa hivi, alikuwa analala amejiachia, kichwa kinaning'inia. Sasa amejikunyata. Hasemi. Anasikiliza kama nitamtupa."

Imelda alikuwa akiwatazama wote kwa zamu, usingizi mzito ukimlemea machoni. Leokadia alimsaidia kunyanyuka. Mlangoni Imelda aligeuka, akamtazama mama aliyeinama kitini, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima:

"Dada Leo, yule mama anaumwa nini?"

*

Leokadia hakumnyang'anya fundi kitu. Katika taarifa ya mwezi aliandika kwamba mpokeaji mmoja amebaki na kumbukumbu kwa ridhaa ya mwenyewe, akaweka sahihi yake, akasubiri kuitwa mkoani. Aliitwa, akaonywa, akarudi. Mtambo ulifungiwa kabati la chini mpaka uchunguzi ukamilike, na Baraza likaendelea bila vibandiko. Waliokuja walipungua sana. Wengi walisema kusikiliza kwa masikio tu kunachosha.

Sekunda aliendelea kuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, wima, bila kuegemea, saa nzima, jasho likimtoka chini ya kilemba. Alhamisi ya pili Leokadia alikwenda sokoni, akanunua kigoda cha mninga kisicho na egemeo, akamwekea mahali pale pale. Sekunda alikitazama kigoda, akamtazama yeye, akakaa.

Wiki kadhaa baadaye Imelda alipita na kichanga chake, msichana, aliyefungwa kifuani kwa kanga mpya. Watu walimzunguka. Alipomfikia Sekunda akamsalimu kama anavyosalimiwa mama yeyote asiyefahamika sana, akamwonyesha mtoto. Sekunda aliinama kumtazama, kisha ghafla akarudi nyuma, akageuka ukutani, akaanza kubembeleza kwa sauti ndogo, mikono nyuma, akiyumba kushoto na kulia. Imelda aliona vibaya, akadhani amemkera. Leokadia alimchukua taratibu hadi mlangoni, akamsifia mtoto, akamwambia mama yule hupatwa na kizunguzungu.

Aliporudi ukumbini, Fidelis alikuwa amevuta kiti chake karibu na kigoda.

"Amemwogopa nani?" aliuliza.

"Amemtambua Imelda kwa sauti," Sekunda alisema. "Ngoja. Anatulia."

Walikaa. Mbele yao msomaji wa siku hiyo alikuwa anatafuta ukurasa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bwawani, ukijaza madirisha moja baada ya jingine.

"Amelala?" Fidelis alinong'ona.

"Amelala. Wako je?"

"Huyu?" Fidelis aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza. "Anauliza kwa nini mwenzake haongei."

Sekunda alikisogeza kigoda karibu zaidi na kiti chake.

"Mwambie aendelee kumsemesha," alisema.